Ufa Kwa Ukuta wa Keja Yako: Kile Rangi Mpya ya Landlord Inaficha

Kila msee ambaye amewahi kuhama Nairobi anajua hiyo harufu. Unaingia keja mpya, rangi bado inanuka, ukuta uko safi hadi unaogopa kuuegemea. Caretaker anakuambia imepakwa juzi tu, wewe ndio wa kwanza kuingia. Unafeel poa, unalipa deposit na rent ya mwezi wa kwanza, unabeba godoro. Miezi mitatu hivi inapita, mvua inanyesha, jua linawaka tena. Halafu mstari unatokea juu ya mlango wa chumba cha kulala, umelala kimshazari ukielekea kona ya dari. Unamuita caretaker. Anakuja na puti na brashi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Landlord wa Nairobi amekubali huo msemo neno kwa neno: anaziba. Anaziba kila mwaka, anapaka rangi, anaingiza mpangaji mwingine. Lakini kama ufa umetoka kwa msingi, kuuziba bila kuuliza umeletwa na nini ni kama kutoa betri kwa kengele ya moto kwa sababu inapiga kelele. Nyumba ilikuwa inajaribu kusema kitu, na sasa imefungwa mdomo kwa puti ya mia mbili.

Na si kitu kidogo. Huruma, usiku wa Aprili 29, 2016, jengo la ghorofa sita kando ya mto lilianguka mvua kubwa ikinyesha, na zaidi ya watu 50 wakafa. Hilo jengo lilikuwa tayari limeorodheshwa la kubomolewa. Desemba 2019 ikawa Tassia, ghorofa sita tena, watu wasiopungua 10. Katikati ya hizo mbili kuna Kware, pale Embakasi, Juni 2017, na hii ndiyo watu wamesahau haraka ilhali ina somo kubwa kuliko zote. Jengo la ghorofa saba lilianza kuonyesha nyufa. Wapangaji wakaambiwa watoke. Wengi wakatoka, na usiku huo huo likashuka chini. Si wote waliotoka, na kuna waliokufa. Lakini hesabu ya Kware na hesabu ya Huruma haziko karibu hata kidogo, na tofauti kubwa hapo ni kwamba watu walisoma ukuta na wakasonga.

Kwa hivyo tubonge kuhusu kusoma ukuta.

Kwanza ujue nyumba yako imekaa juu ya nini. Mtu yeyote wa mjengo Nairobi atakueleza hii kabla chai haijapoa. Upande wa Kiambu, Kikuyu na Westlands utapata sana udongo mwekundu, ambao ni mpole kiasi kwa nyumba. Ukishuka Embakasi, Pipeline, South C, Utawala, Ruai, ukapita Syokimau hadi Kitengela na Athi River, unapatana sana na black cotton. Unaijua. Ni ile tope nyeusi inang'ang'ania viatu hadi unatembea na kilo mbili kila mguu, na Januari ikikauka inapasuka mianya ya kumeza simu.

Hiyo black cotton ni udongo wa mfinyanzi unaokunywa maji na kuvimba, halafu ukikauka unasinyaa. Sasa weka nyumba juu yake. Mvua ikinyesha, udongo wa kando ya nyumba unalowa kwanza na kuinuka, ule wa katikati chini ya sakafu bado mkavu. Kiangazi kikija, wa kando unakauka kwanza na kushuka. Mwaka baada ya mwaka kona za nyumba zinainuliwa na kuteremshwa kama mtu anajaribu jeki. Ukuta wa mawe ya Ndarugo hauna uwezo wa kupinda, wenyewe unajua kitu moja tu: kupasuka.

Ndiyo maana fundi wa ukweli huchimba na kutoa black cotton yote, mita moja, mbili, wakati mwingine zaidi, mpaka afike kwa murram ngumu au mwamba, halafu anajaza mawe na kushindilia vizuri. Hiyo kazi ni ghali, na ikishafunikwa hakuna mtu ataiona. Hapo ndipo ganji huibwa. Hakuna mpangaji huuliza msingi una kina gani. Tunauliza kama kuna WiFi na maji ya county.

Kitu kingine ambacho kinafaa kueleweka ni kwamba nyumba nzima ikishuka kidogo pamoja, kwa kiwango sawa, hakuna ngori kubwa. Ngori ni upande mmoja ukishuka na mwingine ukibaki. Mnara wa Pisa kule Italia umeegemea kwa sababu hiyo hiyo, udongo laini upande mmoja, na watalii wanalipa kuuona. Ploti yako haina watalii.

Sasa, si kila ufa ni wa kukukosesha usingizi, na hapa watu huchanganya sana. Plasta mpya ikikauka huwa inatoa mistari myembamba kama unywele, imetawanyika kila upande kama ramani ya matatu. Hiyo ni ngozi tu, haijafika mfupa. Ufa wa msingi una tabia tofauti. Huwa unaanzia mahali ukuta ni dhaifu, yaani kona ya dirisha au kona ya mlango, halafu unapanda au kushuka kimshazari. Ama unafuata viungo vya mawe, hatua kwa hatua, kama ngazi. Mara nyingi ni mpana upande mmoja na mwembamba upande mwingine, kwa sababu ukuta unafunguka kama mkasi. Na ukitoka nje ukaangalia ukuta uleule upande wa pili, unaupata hapo pia. Ufa uliopenya hadi nje si wa plasta, huyo ashaingia ndani ya jiwe.

Upana wake unaupima na vitu ziko mfukoni. Kadi ya ATM ina unene wa karibu milimita 0.76. Kama haiingii kwa ufa, tulia lakini uendelee kucheki. Ikiingia bure na kucheza ndani, anza kuandika tarehe. Mainjinia wa Uingereza wana kipimo chao ambacho kinatumika sehemu nyingi: chini ya milimita 5 wanaita uharibifu mdogo, 5 hadi 15 wa kiasi, 15 hadi 25 mkubwa, na ukipita hapo ni mkubwa mno. Kalamu ya kawaida ikiingia kwa ufa wako, hiyo imeshavuka mstari wa kwanza. Lakini hicho kipimo kilitungwa kwa nyumba za kule, si ghorofa saba ya Pipeline iliyojengwa usiku, kwa hivyo usikae ukingoja milimita ya 25 ndio ushtuke.

Upana wenyewe hata si kitu kikubwa. Kitu kikubwa ni kama unasonga. Ufa wa milimita tatu ambao umekaa hivyo miaka kumi ni mzee amelala. Ufa wa milimita moja ambao mwezi jana haukuwepo, na wiki hii umefika kwa dari, huyo anatembea. Njia ya kujua ni rahisi hadi inachekesha: chukua penseli, chora kamstari mahali ufa unaishia pande zote mbili, andika tarehe kando. Weka rula juu yake, piga picha. Rudia kila mwisho wa mwezi, siku ile unalipa rent, hutasahau. Ufa ukipita alama yako, una ushahidi wenye tarehe. Ukifunguka kiangazi na kujifunga msimu wa mvua, umejua unaishi juu ya black cotton ambayo haikutolewa.

Ukuta hausemi peke yake. Mlango ambao ulikuwa unafunga fiti halafu siku moja unakwama juu, na haujavimba kwa sababu ya maji, unakuambia fremu imepinda, na fremu haipindi bila ukuta kupinda. Angalia chini au juu ya mlango kama fundi amewahi kuupiga randa upite. Dirisha la chuma likipasua vioo bila mtu kurusha jiwe, jiulize. Weka chupa ya maji imelala kwa sakafu, katikati ya chumba. Ikienda upande mmoja kila mara, hata ukiigeuza, sakafu imeinama. Taili zikivimba na kupasuka kwa mstari mmoja mrefu, si moja moja hapa na pale, hiyo pia ni meseji. Nje, angalia mahali ngazi ya mlango au varanda inakutana na nyumba. Kukiwa na mwanya ambao mtu amejaza simiti mara mbili tatu, rangi tofauti tofauti kama keki, kimoja kati ya hivyo viwili kinahama.

Na maji, mazee. Ukichunguza nyumba yenye msingi mbaya utapata mara nyingi kuna maji hayana pa kwenda. Mfereji wa paa umekatika na unamwaga kona moja. Bomba la choo linavuja chini kwa chini. Shimo la maji taka limejaa na linanyonywa mara moja kwa mwaka. Dimbwi la kijani nyuma ya ploti ambalo watoto wameshalipa jina. Kama hiyo kona yenye maji ndiyo kona yenye nyufa, huhitaji digrii. Mti mkubwa karibu na ukuta pia, hasa mkaratusi, unafanya kinyume: unanyonya maji kwa udongo mpaka unasinyaa upande mmoja.

Kuna hii ya jirani ambayo imekuwa noma miaka hii ya kujenga juu. Ploti ya kando inauzwa, nyumba ya mabati inabomolewa, tingatinga inaanza kuchimba shimo refu la maegesho ya chini, imebakisha hatua mbili kufika kwa ukuta wenu. Udongo uliokuwa unashikilia msingi wenu umeenda na lori. Kama hawajaegemeza kuta za hilo shimo na mvua inakuja, nyufa mpya upande huo si za kungoja mwisho wa mwezi.

Halafu kuna ghorofa za kuongezwa. Msingi ulihesabiwa kubeba nne, landlord akaona wenzake wako saba, akaongeza. Udongo haujui mpango ulibadilishwa. Hesabu mwenyewe ukiwa nje: kama ghorofa za juu zina mawe ya rangi nyingine, madirisha ya aina nyingine, ama nguzo za juu hazikai juu ya nguzo za chini, uliza maswali kabla ya kulipa.

Kwa keja unayoenda kutazama, rangi mpya ndiyo adui yako, lakini tochi ya simu inaishinda. Usimulike ukuta uso kwa uso. Zima taa, bandika simu karibu kabisa na ukuta, mwanga upite ukiteleza juu yake. Kila mahali puti ilipigwa patatoa kivuli, na utaona mstari wa zamani uliozibwa kama kovu. Caretaker atakuona wewe mtu wa ajabu. Sawa tu. Teremka pia uone ghorofa ya chini kabisa, hata kama unataka ya tano, kwa sababu ya tano inabebwa na hiyo.

Hadi hapo tumebonga kuhusu dalili za polepole, zile zinakupa miezi. Kuna zingine zinakupa masaa. Nguzo ikianza kupasuka na kumwaga vipande vya zege hadi nondo zinaonekana. Milio kama ya kuni kukatika ndani ya kuta, usiku, ikirudiarudia. Ufa ambao asubuhi ulikuwa wa kadi na jioni unaingiza vidole. Milango mingi ya ploti kukwama siku moja. Vumbi la plasta kuanguka bila mtu kugonga. Hapo hakuna kupima na rula. Toka, gonga kila mlango ukishuka, piga 999 ama 112, na usirudie TV.

Hii ya kutoka ndiyo ngumu, na tusijifanye. Aprili 2013 kule Bangladesh, jengo la Rana Plaza lilionyesha nyufa kubwa siku moja kabla. Benki na maduka yaliyokuwa mle yalifunga, wafanyakazi wao wakabaki nyumbani. Wafanyakazi wa viwanda vya nguo waliambiwa warudi kazini, na waliogopa kukosa mshahara. Jengo, ambalo lilikuwa limeongezwa ghorofa bila ruhusa, lilianguka na kuua watu 1,134. Kila mtu aliona ufa uleule. Waliokaa mbali ni wale walikuwa na uwezo wa kuuamini.

Nairobi ni hivyo hivyo. Mpangaji wa bedsita Pipeline anaona ufa vizuri sana. Lakini kuhama ni rent mpya, deposit mpya, pickup ya kubeba vitu, na deposit ya zamani ambayo landlord atasema imeenda kwa kupaka rangi. Ndiyo, ile ile rangi inayoficha ufa, wewe ndio uliilipia. Sheria ya kudhibiti kodi ambayo ilifaa kumlinda mpangaji inahusu nyumba za hadi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nionyeshe nyumba ya mawe Embakasi ya hiyo bei nihamie kesho.

Serikali nayo inajua. Mamlaka ya ukaguzi wa majengo iliyoundwa 2015 ilikagua zaidi ya majengo 14,000 nchini, na zaidi ya 10,000 yakapatikana si salama. Zaidi ya 700 yaliwekwa kwa kundi la hatari kabisa. Kazi yao ikaonekana mtaani kama X nyekundu kwa ukuta. Halafu? X inapigwa, mpangaji hapewi pa kwenda wala anayemrudishia deposit, wiki mbili zinapita, X inapakwa rangi. Ukibomoa bila kuhamisha watu, watahamia jengo lingine lenye X ambayo bado haijachorwa. Mimi naona hapo ndipo pesa ya county ingeanzia: jengo likitangazwa hatari, mwenye ploti arudishe deposit zote ndani ya siku chache kabla hajaruhusiwa kufanya kitu kingine chochote kwa hiyo ardhi. Utashangaa vile puti itapungua.

Mpaka hiyo siku, mnayo silaha moja, nayo ni wingi. Mpangaji mmoja akilalamika, anaambiwa ahame. Grupu ya WhatsApp ya ploti ikiwa na picha za nyufa za vyumba 20, zenye tarehe na rula, hiyo ni faili. Andikeni barua moja, wote mtie sahihi, nakala kwa landlord, nakala kwa ofisi ya mipango ya county, nakala kwa afisa wa afya ya umma wa eneo lenu, kwa sababu sheria ya afya ya umma inamruhusu kuingilia nyumba isiyofaa kukaliwa na watu. Ulizeni kama jengo lina cheti cha county cha kuruhusu watu kuingia. Mkichanga mlete injinia, hakikisheni jina lake liko kwa orodha ya Engineers Board of Kenya, msiletewe binamu ya landlord mwenye kofia ya mjengo. Na kama jengo bado linajengwa, NCA ndio wa kuitwa.

Na wewe ambaye chama chenu kimenunua robo ekari Kitengela mkipanga kujenga: pima udongo kabla ya kuchora nyumba. Ukiambiwa na fundi "hapa nimejenga nyingi, iko sawa", mwambie achimbe shimo moja refu mkiwa mnaangalia. Mkikuta nyeusi, iende yote. Tengeneza mifereji ya paa siku ileile unaweka paa, na umwage ukanda wa simiti kuzunguka nyumba ili maji yakimbie mbali na kuta. Hizo ndizo pesa utaskia uchungu kutoa, na hakuna mgeni atazisifu.

Mvua fupi huanza Oktoba. Ufa ambao utapigwa picha Septemba, udongo ukiwa umekauka kabisa, ndio utakuwa na kitu cha kulinganishwa nacho Desemba. Chora alama sasa, kabla caretaker hajafika na brashi.